Kamba ya Mkunga

Watu wananijia kuniuliza habari za Mkunga, kana kwamba mimi nilimjua. Jamani! Nilikaa naye ukuta kwa ukuta tangu nilipoolewa hadi vita ilipotutawanya. Niliazima moto kwake, yeye akaazima chumvi kwangu, akanizalisha, akanitukana, akanikanda kiuno. Lakini kumjua, hapana. Anayesema alimjua Mkunga na aje anieleze mimi pia, maana nina neno langu moja lililonikaa kooni miaka mingi.

Neno lenyewe nitalisema sasa hivi, msije mkadhani nazunguka. Mtoto wangu wa kwanza alipofariki, akiwa bado ndani ya arubaini, Mkunga aliiacha kamba yake njiani vilevile, kana kwamba mtoto yu hai. Nilitaka kujua kwa nini. Alimtumia mwanangu aliyekufa ili awapunguze mwendo wapagazi, au alikuwa na lake? Hilo tu. Lakini huwezi kuielewa kamba bila kumwelewa mwanamke, na mwanamke ndiye huyo ambaye sikumwelewa. Kwa hiyo mnivumilie.

Alizaliwa wapi, sijui. Wako waliosema Kiwangwa, wako waliosema Miono, na yeye mwenyewe kila akiulizwa alitaja mahali papya. Jina alilopewa na wazazi wake sikulisikia hata siku moja. Nilipoletwa pale bibi harusi nilimkuta ni Mkunga, na alikuwa Mkunga hata kwa wazee waliomzidi umri. Alikuwa mrefu, mkavu, kaniki kaifunga juu ya maziwa, kucha kazikata mpaka nyamani kwa sababu ya kazi yake. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, na alikuwa hasimulii hadithi akaimaliza. Akifika patamu anainuka kwenda kutazama chungu.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni mwendo wake. Njiani alitembea kama amebeba mtungi uliojaa mpaka mdomoni. Kila aliyekutana naye alimsimamisha, akamwamkia, akamwuliza mama hajambo, baba hajambo, mbuzi amepona, mpaka mtu unachoka kusimama. Ukipita umeharakisha alikuita urudi. "Wewe, unafukuzwa na nani?" Ukimwambia hufukuzwi na mtu, anasema basi tembea kama mtu asiyefukuzwa. Mimi nilimwogopa kidogo. Nilikuwa nikitaka kwenda kisimani upesi napita nyuma ya nyumba, kwenye miiba.

Lakini aitwe kwenye uchungu sasa! Subhanallah. Huyohuyo alikuwa anaruka ua. Kaniki kaishika mkononi, kikapu cha dawa kinagonga kiuno, anapiga makelele "Nipisheni! Nipisheni!" na asiyepisha alisukumwa, awe mzee awe mtoto. Siku moja alimwangusha jumbe wetu mbele ya wageni wake, na hakugeuka kutazama. Waume waliokwenda kumwita wasipokimbia naye aliwasema njia nzima. "Mkeo anakufa na wewe unatafuta kofia!" Mama mkwe wangu alikuwa akisema mwanamke yule ana miguu ya watu wawili, na haijulikani asubuhi ataamka na ya nani.

Sasa nieleze njia, maana ndiyo iliyotuletea yote. Kijiji chetu kilikuwa kati ya mto Kingani na Bagamoyo, mwendo wa asubuhi moja kufika mjini. Njia ya misafara ilipita katikati ya nyumba zetu, wala si kando, kwa sababu kisima kilikuwa katikati, na waliojenga zamani waliona fahari wageni waje kunywa hapo. Wapagazi walikuwa wametoka Unyamwezi, miezi na miezi njiani, pembe za ndovu mabegani. Wakishavuka mto kwa mitumbwi hawana tena cha kuwazuia. Bahari wanainusa. Kila kundi linataka liwe la kwanza kuingia mjini, lipate ua mzuri wa kulala na mnunuzi ambaye hajachagua. Basi walikuwa wanakimbia. Ngoma mbele, baragumu, njuga miguuni, mzigo begani, mbio! Walipita kwetu kama mafuriko. Mtama ulioanikwa ulikanyagwa, vyungu vilivunjwa, na kuku walijifunza kukimbilia juu ya mapaa.

Na sisi tulizoea, hilo ndilo la ajabu. Ukisikia baragumu unashika mtoto mkono, unaingia ndani, unangoja wapite, unatoka kuokota vigae. Mpaka siku mjukuu wa Mzee Kondo, mshona makuti, alipokuwa anavuka na kata yake ya maji, ncha ya pembe ikampiga ubavuni, akaanguka miguuni kwao. Hakufa. Lakini mguu uliungana vibaya, na waliomkanyaga hawakujua hata kama wamemkanyaga mtu. Walikuwa wanaimba. Mzee Kondo alikwenda kwa jumbe, na jumbe akamwambia njia ni ya watu wote, tukiwasumbua wageni watashika njia nyingine, na vitambaa wanavyotupa wakirudi kutoka mjini watakwenda navyo. Mzee Kondo akarudi kwenye makuti yake.

Mkunga ndiye aliyemfunga yule mtoto mguu. Kesho yake akamwendea Mzee Kondo kumwomba makuti machanga.

Nyinyi wa pwani mnajua, lakini kwa asiyejua nitasema. Kwetu nyumba yenye mzazi, mwanamke aliyejifungua, hufungwa kamba ya ukindu juu ya mlango, na kwenye kamba huchomekwa vichane vya makuti mabichi. Ukiiona unajua humo mna mtu yu ndani ya arubaini. Unapunguza sauti. Na kama umetoka safari, una jasho na joto la njia, huingii. Unakaa nje mpaka upoe, maana joto la njia lina madhara kwa kichanga. Ndivyo tulivyoambiwa, na ndivyo tulivyoshika.

Wakati ule binti wa jirani alikuwa amejifungua. Mkunga akachukua kamba, akaivusha njia nzima upande wa mtoni, kutoka mnazi wa Mzee Kondo mpaka mkwaju uliokuwa ng'ambo, juu kuliko kichwa cha mtu na mzigo wake. Haikumzuia hata mbuzi. Sisi tukacheka. Mume wangu Shomari alisema, "Mama, hawa watu waliovuka mito na kupita nyika zenye simba, watasimamishwa na makuti?" Mkunga akamwambia afunge mdomo, nzi wataingia.

Baragumu ikalia. Tukaingia ndani kama kawaida, tukachungulia. Yeye peke yake kabaki chini ya kamba, mikono kiunoni. Mimi nikasema leo tunamzika. Wakatokea mbio, kiongozi wao mbele na manyoya kichwani. Akaiona kamba. Akainua mkono, na wale wa nyuma wakagongana mpaka mstari wote ukasimama.

"Hapa pana nini?" akauliza, kwa Kiswahili cha safarini.

"Pana mzazi," Mkunga akasema. "Mtoto hajatimiza arubaini."

"Nyumba ipi?"

"Mji wote."

Yule bwana akamtazama, akaitazama kamba, akatazama tena milango yetu. Nilidhani atacheka. Akasema, "Na kwetu vilevile. Mimi nimemwacha mke ana mimba." Akageuka akawaambia wenzake maneno kwa lugha yao. Mpiga ngoma akaweka kiganja juu ya ngozi. Wakapita mmoja mmoja, polepole, wengine wakiinamisha kichwa ijapokuwa kamba ilikuwa juu mno, na tukasikia nyayo tu vumbini na njuga chache zinazojisahau. Watoto wetu walitoka milangoni wakasimama kuwatazama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona sura ya mpagazi.

Tangu hapo watu wakajitolea wenyewe, hakuna aliyewatuma. Mzee Kondo akatoa makuti. Shomari wangu, yuleyule mcheshi, akawa wa kwanza kukaa upande wa mtoni tangu alfajiri, akiwasikia anasimama na kuinua mkono: "Polepole, ndugu zangu, mna mzazi hapa!" Alianza kutembea kama yeye ndiye jumbe. Nilimtania, nikamwambia mzazi mwenyewe hajui kama unamlinda. Wanawake walipokezana maji, kwa sababu aliyepunguza mwendo ndiye anayeona kiu yake. Na makuti yalibadilishwa kila mara, maana jua letu mnalijua, na yakishakauka vichane vyake hujikunja, wapagazi wanaona ni takataka za paa, hawaoni alama. Hilo walilisimamia sana. Kamba kavu si kamba, Mzee Kondo alikuwa akisema, kisha anaangalia mguu wa mjukuu wake.

Jumbe alinuna, lakini vitambaa viliendelea kuja, kwa hiyo alinuna taratibu.

Sasa hapa ndipo kichwa changu huanza kuzunguka. Arubaini ya yule binti ilipokwisha, hakukuwa na mzazi mwingine kijijini. Mkunga akaifungua kamba. Tulimsihi! Mzee Kondo alimwambia, "Iache, mama. Wale wapita njia, nani atajua?" Akakataa. Akasema siku akiwadanganya wale kwa kamba, mtoto wa kweli akizaliwa atawaambia nini? Akaikunja, akaitia kikapuni, na msafara uliofuata ukapita mbio kama zamani, ukavunja kinu cha mama mkwe wangu. Mkunga alikuwa radhi kivunjwe. Ikawa ndiyo desturi: pana mzazi, kamba ipo, hapana mzazi, shika mtoto mkono. Wanawake wakaanza kutaniana kisimani. "Zaeni, jamani, njia iko wazi!" Na waume nao, wanaume hawakosi sababu, wakasema wanajitahidi kwa ajili ya kijiji.

Ungemwona unasema huyu ni mtu wa kweli tupu. Wapi! Sijaona mwongo kama Mkunga. Kila mtoto aliyetoka alimwambia baba kwamba kachukua sura yake, hata mtoto kafanana na mjomba wa jirani. Nilipokuwa na mimba alimwambia mama mkwe wangu kwamba kutwanga kunamgeuza mtoto tumboni, nami nikapumzika kutwanga mpaka nikajifungua. Baadaye nilimwuliza kama ni kweli, akacheka mpaka akashika ukuta. Kulikuwa na bwana mmoja anampiga mkewe. Mkunga akamwambia kwa upole kwamba mkono unaompiga mwanamke anayenyonyesha huvimba kuanzia kidole kidogo. Yule bwana alishinda anatazama kidole chake. Alidanganya asubuhi, akadanganya jioni, wala hakuona haya. Ila kamba. Kwa nini alidanganya watu wake na akawa mkweli kwa wapita njia, mimi sijui. Nimemwuliza Shomari, naye hajui.

Na liko jingine ambalo sipendi kulisema, lakini picha ya mtu haikamiliki kwa mapambo tu. Kuna misafara ilibeba watu. Tulikuwa tunajua, nani hakujua, lakini zamani walipita mbio na vumbi, ukiwa ndani huoni kitu. Kamba ilipowapunguza ndipo tulipowaona. Siku moja walipita wamefungwa shingo kwa shingo, polepole, kimya, kama tulivyotaka wenyewe. Katikati yao alikuwa mwanamke tumbo limeshuka. Mkunga alimsogelea na kata ya maji, akamwekea mkono tumboni, akamwambia mkuu wa msafara, "Huyu anazaa leo. Akizaa njiani kwako, mali yako yote itaingia nuksi. Niachie mimi." Ulikuwa uongo, sote tuliona siku zake hazijafika. Yule mtu akafikiri kidogo. Kisha akasema wataona hukohuko mjini, na wakaenda.

Mkunga alisimama pale mpaka wa mwisho akapotea. Halafu akaitazama kamba yake kwa macho mabaya, nikadhani ataikata. Akasema, "Bora wangepita mbio." Siku ile hakupika. Lakini kesho yake makuti yalibadilishwa, na mtoto wa mtu alivuka njia salama kwenda kisimani. Mimi niliachwa katikati. Nilikuwa sijui niishukuru kamba au niichukie, na yeye nikimtazama nisaidiwe, anauliza kama nina chumvi.

Basi nikajifungua mwanangu, Salehe. Uchungu ulikuwa mrefu. Mkunga alinishika, akanitukana, akaniambia nina kiuno cha kuzaa kumi, uongo mwingine huo, na mtoto alipolia alitoka mwenyewe kwenda kufunga kamba njiani kabla hajanawa mikono. Shomari alikuwa mlinzi wa kamba ya mwanawe mwenyewe. Hapakukalika kwa majivuno. Nilikuwa nimelala ndani, nakunywa uji wa pilipili manga, nawasikia wapagazi wakipita nyuma ya ukuta wangu. Miguu mingi, polepole. Nilikuwa namwambia Salehe, "Unawasikia? Wanakuogopa wewe." Nilikuwa na furaha ambayo sikupata kuwa nayo tena kwa namna ile.

Kisha asubuhi moja alikataa ziwa, mwili moto. Mkunga aliitwa, akaja kwa ile miguu yake ya pili. Alasiri mtoto hakuwepo.

Sitasema mengi hapo. Wakamzika, wanawake wakakaa nami, wakaondoka. Nikalala nimeelekea ukutani. Na siku moja baragumu ikasikika mbali mtoni, nikasema sasa watapita mbio, na wapite, wavunje walivunjalo. Nikangoja ngoma. Haikuja. Nikasikia miguu, mingi, polepole, nyuma ya ukuta wangu. Mtu mmoja akakohoa, mwingine akamnyamazisha.

Nilimwita Shomari. Nikamwuliza kijiji kimepata mzazi mwingine? Akasema hapana. Nikamwuliza, kamba iko? Akaanza kushika ndevu. Mwisho akasema yeye na Mzee Kondo walikwenda kuifungua siku ya pili baada ya mazishi, Mkunga akawatokea na mchi wa kinu. "Atakayeigusa asinijue mimi wala mimi simjui." Wakaona aibu, wakaiacha. Tangu hapo hawakusogea tena upande ule, wala kulinda wala kubadilisha makuti. Walikuwa wanapita nyuma ya nyumba, kwenye miiba.

Nikainuka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nikasimama mlangoni, nikaiona. Ilikuwa palepale juu ya njia, mnazi kwa mkwaju, na makuti yake mabichi. Yeye alikuwa uani kwake anafagia.

"Mwanangu amekufa!" nilimwambia. Nilipiga kelele, nilitaka kijiji kizima kisikie. "Mwanangu amekufa na wewe unamfanya mtego! Unawadanganya watu kwa maiti ya mwanangu! Si wewe uliyesema kamba haidanganyi?"

Akanitazama. Nilitaka anijibu, anitukane, anirushie ufagio. Akasema, "Rudi ndani, kuna upepo." Akaendelea kufagia.

Basi sikuazima moto kwake tena. Nilikwenda kuazima mbali, nikirudi unanizimikia, narudi tena. Nikipita mlango wake naangalia upande wa pili. Hasira ile ilinitunza, nasema kweli, ilinifanya niamke asubuhi. Kila msafara ukipita polepole nilihesabu ni tusi. Nilijiambia: mtu huyu anapenda njia kuliko watu.

Halafu, sikilizeni, siku ya arubaini ya Salehe, ambayo ingekuwa siku ya kumtoa nje na kumnyoa, Mkunga alikwenda akaifungua. Siku ileile baragumu ilikuwa inalia mtoni, na ulikuwa msafara mkubwa, kijiji kizima tulijua. Mzee Kondo alimkimbilia na miguu yake ya uzee, "Mama, wangoje hawa wapite, jioni ufungue!" Wala hakumsikiliza. Akaikunja akaitia kikapuni, wakaja mbio, wakavunja vyungu, wakamkanyagia mtu mtama wake. Sasa mimi nilikuwa ndani, kichwa kinaniuma. Kama alikuwa anamtumia mwanangu kwa ajili ya njia, kwa nini asingoje jioni? Angengoja tu kidogo! Hasira yangu ilikosa pa kukaa, lakini sikuitupa, maana sikuwa na kitu kingine.

Niliapa mimba ya pili nitamwita mkunga wa kijiji cha pili. Niliapa mbele ya mama mkwe wangu. Uchungu uliponishika nilimlilia yeye, jina moja tu, Mkunga, Mkunga, mpaka Shomari akakimbia bila kofia. Alikuja. Alinizalisha binti yangu Mwanaidi, akaniambia kachukua sura ya baba yake, akaenda kufunga kamba. Habari ya Salehe hatukuitaja, wala yeye wala mimi.

Kisha wakaja Wadachi na bendera zao, vita ikazuka, mji ukapigwa mizinga kutoka baharini, na njia yetu ikajaa watu wanaokimbia upande mwingine, kutoka pwani kwenda bara. Ndipo nilipoona kitu ambacho sikudhani nitakiona. Kamba ilikuwa juu, kwa sababu ya mzazi mwingine, na watu wa Bagamoyo, wenye watoto migongoni, wanaofukuzwa kweli na mizinga, walifika chini yake wakapunguza mwendo. Mkunga akaikata kwa kisu. "Kimbieni!" aliwaambia. "Mnangoja nini, wajinga nyinyi? Kimbieni!" Sisi tulikimbilia Kiwangwa kwa ndugu za Shomari. Yeye sikuona alikokwenda.

Mambo yalipotulia, nilisikia yuko Dunda, mjini Bagamoyo, kwa mtoto wa ndugu yake, macho yamepungua. Sikusema kwamba nitakwenda. Nilisema nakwenda kuuza muhogo. Nikatembea kutoka Kiwangwa, na njiani nikawa napanga maneno yangu, nayapanga na kuyapangua, mpaka nikafika nimelowa jasho na nimesahau jinsi ya kuanza.

Nyumba ilikuwa ya udongo, baraza fupi. Yeye alikuwa amekaa barazani, miguu kainyosha, mwembamba kuliko zamani. Juu ya mlango palikuwa na kamba ya ukindu.

"Hodi," nikasema. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simama hapohapo. Nani?"

"Mke wa Shomari."

Hakuonyesha kushangaa. "Umetoka wapi?"

"Kiwangwa."

"Kwa miguu, jua hili?"

"Kwa miguu."

"Basi una joto la njia. Kaa hapa upoe, ndani mna mzazi." Akapapasa mtungi uliokuwa kando yake, akachota maji kwa kata, akaninyoshea. "Shomari hajambo? Mwanaidi hajambo? Mzee Kondo? Yule mtoto na mguu wake?" Akaniuliza mmoja mmoja, kwa ule utaratibu wake wa kumchosha mtu, nami nikajibu mmoja mmoja. Mzee Kondo alikuwa amefariki. Akasema inna lillahi. Askari juu ya punda akapita mbio mtaani, Mkunga akamgeukia kwa sauti ya zamani, "Wewe, unafukuzwa na nani?" Yule askari hakusikia.

Nikaona nisipouliza sasa sitauliza tena.

"Mama," nikasema, "Salehe alipokufa uliiacha kamba. Niambie kwa nini. Nimekuja kwa hilo, sikuja kwa muhogo."

Aligeuza uso akanielekezea macho yake yaliyopungua. Nilidhani sasa nitapata jibu, na nikaogopa, sikujua nataka jibu lipi. Akajikuna mguu.

"Nilisahau," akasema.

Ewe Mola! Nimetembea kutoka Kiwangwa kuja kuambiwa nilisahau! Damu ilinipanda. Nilitaka kuitupa ile kata. Nikainua macho nisimtazame yeye, na macho yakaangukia mlango, kwenye vichane vya makuti juu ya kamba. Vilikuwa vibichi, vya asubuhi ileile.

"Haya nani anayabadilisha?" nikamwuliza.

"Mimi. Nani mwingine? Hawa vijana hawajui kitu. Nayashika kila asubuhi, nikiyasikia yanaanza kuwa magumu nabadilisha."

"Na macho hayo?"

"Mikono si ninayo."

"Hujapata kusahau hata siku moja?"

"Nisahau vipi," akasema kwa ukali, "na mzazi yuko ndani?"

Nikaiona njia yetu kama ilivyokuwa siku ile nilipoinuka, mnazi kwa mkwaju, Shomari na Mzee Kondo wote wamejificha kwa aibu, hakuna aliyekuwa anasogea pale isipokuwa mtu mmoja na ufagio wake. Mwanangu alikuwa amekwisha kuzikwa siku nyingi. Na makuti yalikuwa mabichi. Nyuma ya ukuta nilikuwa nimelala mimi, mzazi.

"Kunywa maji," Mkunga akasema.

Nililia. Sikulia kidogo, nililia kama nilivyopaswa kulia nyumbani kwangu wakati ule nilipokuwa na kazi ya kukasirika. Yeye hakuniuliza nalia nini, wala hakunigusa. Alikaa vilevile, miguu kainyosha, akifukuza nzi. Sikumsamehe siku ile, maana sikujua tena kosa lilikuwa lipi, na la nani.

Jua likageuka, kivuli kikafika barazani. Akaunyosha mkono, akanishika shingoni kwa nyuma, pale jasho linapokusanyika, kama anavyopimwa mtoto mwenye homa.

"Bado kidogo," akasema.

Nikakaa mpaka nikapoa, ndipo nikaingia kumwona mtoto.